Mrushaji Aliyewaachia Wenzake Mpira: Maisha ya Christy Mathewson, 1880–1925

Katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma maisha ya maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii tunaomba radhi kidogo, kwa maana tutaeleza maisha ya mtu aliyekula mshahara wa kucheza mpira, tena mpira ambao wengi wetu hapa Morogoro hatujauona ukichezwa. Sababu ya kufanya hivyo ni swali la kijana mmoja.

Kijana huyo ni wa mtaa wetu. Anasoma sekondari Dar es Salaam, na alipokuja likizo alitufuata baada ya ibada, akatuamkia vizuri, akakaa nasi chini ya mwembe na kutueleza shida yake. Shuleni kwao anacheza besiboli. Mchezo huu ulianza kuenezwa katika shule zetu za sekondari miaka ya 2010 kwa msaada wa marafiki wa Kijapani, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake rasmi katika Shule ya Sekondari Azania. Kijana wetu ni mrushaji. Mkono wake una nguvu na shabaha, wala si ajabu, kwa sababu utoto wake wote aliumaliza huko juu milimani akiwafukuza tumbili kwa mawe katika mahindi ya bibi yake. Yeye hupenda kumtoa kila mpigaji peke yake, kwa mbio za mpira wake. Mwalimu wa michezo anamwambia aache watu waupige, ili wenzake waudake. Amejaribu kutii. Mara mbili aliwaachia wenzake, na mara mbili wenzake waliuangusha mpira, timu ikafungwa. Akatuuliza kwa uchungu kwa nini abebe hasara ya mikono ya watu wengine.

Sisi hatujapata kushika gongo la besiboli. Lakini tulifundisha walimu kwa miaka mingi chuoni, na tuliwaambia daima kwamba mwalimu asiyejua jibu asimtishe mwanafunzi, bali akalitafute. Basi tukatafuta. Katika kutafuta tukakutana na huyu Mathewson, na tangu hapo hatukuweza kumweka chini.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa kifupi, hata akina mama wa UMAKI wasiachwe nyuma. Timu ina watu 9. Mrushaji husimama katikati, juu ya kichuguu kidogo cha udongo, na kumrushia mpira mpigaji wa timu nyingine aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga hukimbilia kituo cha kwanza, na bao hupatikana mtu akivizunguka vituo vyote na kurudi pale alipoanzia. Mrushaji anaweza kumtoa mpigaji kwa njia mbili hasa. Njia ya kwanza ni kumkosesha mara tatu. Hapo mpigaji hurudi kukaa, na walinzi walio nyuma ya mrushaji hawakuhitajika kabisa. Njia ya pili ni kumpa mpira unaopigika lakini usiopigika vizuri, ukapaa juu na kudakwa kabla ya kugusa ardhi, au ukabingirika chini, mlinzi akauokota na kuutupa kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Tena mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la halali, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Katika mchezo mzima wa zamu 9 wanatakiwa watolewe wapigaji 27. Kumkosesha mtu mara tatu kunataka mipira mitatu kwa uchache, na mara nyingi mitano au sita. Mpira uliopigwa vibaya unaweza kumtoa mtu kwa mrusho mmoja tu. Msomaji akishika hesabu hiyo ameshika jambo lote.

Christopher Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 katika kijiji kiitwacho Factoryville, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wazazi wake, Gilbert na Minerva, walikuwa Wakristo wa Kibaptisti, na yeye alikuwa kifungua mimba wao. Inasemekana mama yake alitamani awe mhubiri. Alisoma sekondari hapo hapo kijijini, katika shule ya Keystone Academy iliyoanzishwa na Wabaptisti, akawa mrushaji wa timu ya shule. Hata kabla ya hapo, akiwa na miaka 14, watu wazima wa kijiji walikwisha kumwita awarushie.

Mwaka 1898 aliingia Chuo Kikuu cha Bucknell katika mji wa Lewisburg. Huko alikuwa rais wa darasa lake, alikuwa katika chama cha fasihi, alipiga muziki katika bendi ya chuo, na alisifika pia katika ule mpira wa Kimarekani wa kubebana na kuangushana. Siku za likizo alirusha besiboli kwa malipo. Ni katika likizo moja ya namna hiyo alipojifunza kwa mrushaji mwenzake mrusho ambao baadaye ulimletea sifa nchi nzima. Mpira wa mrushaji wa mkono wa kulia kwa kawaida hupinda kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Huu ulipinda kinyume, ukamrudia mpigaji kama unaofifia mbele ya macho yake. Lakini kuurusha kulitaka kukisokota kifundo cha mkono kinyume cha maumbile, na mkono uliuma. Kwa hiyo Mathewson aliutumia mara chache tu katika kila mchezo. Tunaomba msomaji alikumbuke hilo.

Julai 1900 aliitwa na timu ya New York Giants. Alishindwa. Alipoteza michezo mitatu bila kushinda hata mmoja, akarudishwa. Mwaka uliofuata alirudi, akashinda 20, na katika mchezo mmoja dhidi ya St. Louis hakuna mpigaji hata mmoja aliyeweza kufika kituo kwa pigo lake. Alikuwa bado hajatimiza miaka 21.

Siku zile wachezaji wa besiboli hawakuwa na jina zuri. Wengi walikuwa walevi na wapiganaji, na hoteli nyingine hazikutaka kuwapokea. Mathewson alikuwa mrefu wa zaidi ya futi 6, mwenye sura nzuri, msomi, mpole wa maneno. Wazazi walianza kuwapeleka watoto wao uwanjani kwa ajili yake. Hata hivyo tusimfanye malaika. Alivuta tumbaku, alicheza karata kwa fedha, na watu wasiomfahamu walimwona mwenye kujitenga. Drafti aliijua kupita kiasi, aliweza kucheza na watu wengi kwa wakati mmoja na kuwashinda. Tungependa kumwona akikaa siku moja na wale wazee wa drafti hapa mjini.

Mwaka 1902 timu ilipata kocha mpya, John McGraw, mtu mfupi, mkali, mwenye matusi, aliyegombana na kila mwamuzi. Mathewson alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Lakini Mathewson alipomwoa Bibi Jane Stoughton mwaka 1903, nyumba hizo mbili zilipanga pamoja New York, waume wakienda kazini pamoja na wake wakishirikiana jiko. Sisi tumekaa katika nyumba za chuo zenye jiko moja kwa familia mbili, na tunajua kwamba jambo hilo si dogo.

Sasa tufike kwenye swali la kijana. Katika miaka yake ya kwanza Mathewson alikuwa kama yeye. Mwaka 1903 aliwakosesha mara tatu wapigaji 267, na katika harakati hizo aliwapa bure kituo cha kwanza watu 100. Alishinda michezo 30, hatuwezi kusema alikosea. Lakini alikuwa na miaka 23, na wakati huo mtu hufikiri mkono ni chemchemi isiyokauka.

Kidogo kidogo akabadilika. Mwaka 1905, katika mashindano ya kumtafuta bingwa wa mabingwa, alirusha michezo mitatu kamili ndani ya siku sita, tarehe 9, 12 na 14 Oktoba, na Philadelphia hawakupata bao hata moja. Zamu 27 zote. Watu huwa wanaisimulia habari hii kwa kusifu nguvu zake, lakini sisi tulitazama tarakimu. Katika zamu hizo 27 wapigaji waliotolewa walikuwa 81, na aliowakosesha mwenyewe mara tatu ni 18 tu. Kituo cha bure alitoa mara moja. Wengine wote walitolewa kwa mikono ya wenzake, na hao wenzake hawatajwi sana.

Mwaka 1908 alishinda michezo 37, mwaka mkubwa kuliko yote maishani mwake. Tusifiche kwamba mwaka huo aliwakosesha watu 259, idadi inayokaribia ile ya ujana wake. Lakini vituo vya bure vilishuka hadi 42, ingawa alirusha zamu nyingi zaidi kuliko mwaka 1903. Maana yake hakupoteza mipira kwa kumtafuta kila mtu, aliyejikosesha alijikosesha.

Mwaka 1912 kilitoka kitabu chenye jina lake, Pitching in a Pinch, alichosaidiwa kukiandika na mwandishi wa habari. Humo ameeleza fikira yake. Mrushaji asitumie nguvu zake zote kwa kila mpigaji. Vituo vikiwa vitupu, ampe mpigaji mpira wa kupiga, na walinzi wafanye kazi yao. Ule mrusho bora, na ule wa kufifia unaouma mkono, auweke kwa saa ya shida, watu wakiwa wamesimama vituoni na bao likinukia. Sisi wa hapa hatuhitaji maelezo mengi. Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kutoka vijiji vya juu ya Uluguru hakimbii saa ya kwanza, ingawa njia ni ya kuteremka na angeweza. Anajua mawe yenye utelezi yako mbele.

Kitabu ni kitabu. Mwaka huo huo ulimtia mwandishi wake katika mtihani.

Oktoba 1912 Giants walikutana na Boston. Katika mchezo wa pili Mathewson alirusha zamu 11, wenzake wakafanya makosa 5, na mchezo ukaisha kwa giza, 6 kwa 6. Katika wa tano alifungwa 2 kwa 1. Mashindano yakafika mchezo wa mwisho, tarehe 16 Oktoba, Boston. Zamu 9 zikaisha wakiwa sare. Katika zamu ya 10 New York wakapata bao na kuongoza 2 kwa 1. Walibaki kuwatoa watu watatu tu.

Mpigaji wa kwanza aliupiga mpira juu, mwepesi, ukaenda moja kwa moja kwa mlinzi wa katikati, Fred Snodgrass. Ni ule mpira ambao mrushaji mwenye fikira ya Mathewson anautaka. Snodgrass akaushika, ukamtoka, ukaanguka. Mpigaji akafika kituo cha pili. Mpigaji aliyefuata akapiga mbali sana, na Snodgrass yuyu huyu akakimbia na kuudaka kwa namna ambayo waliokuwapo walistaajabu. Hilo watu wamelisahau. Kisha Mathewson, ambaye sifa yake ilikuwa kutotoa kituo cha bure, akampa mtu kituo cha bure. Akaja Tris Speaker, mpigaji hatari. Naye akapiga mpira mbovu uliopaa pembeni, karibu na kituo cha kwanza, ambao mtoto angeudaka. Watu watatu waliuendea, Mathewson akiwa mmoja wao. Inasemekana ni yeye aliyepaza sauti kumwita mdakaji, aliyekuwa mbali zaidi, badala ya mlinzi wa kituo cha kwanza aliyekuwa karibu. Mpira ukaanguka katikati yao. Speaker akapewa nafasi nyingine, akapiga vizuri, bao likaingia. Mipira michache baadaye likaingia la pili. Boston 3, New York 2.

Magazeti yalimtwika Snodgrass mzigo wote. Mathewson hakumtwika. Katika habari zote tulizosoma hatukuona mahali alipomlaumu, na McGraw naye, pamoja na ukali wake wote, alimtetea, na inasimuliwa kwamba alimwongezea mshahara. Ukiitazama zamu ile kwa haki utaona kwamba Snodgrass aliangusha mmoja, lakini kituo cha bure kilitoka mkononi mwa Mathewson, na pengine hata ile sauti iliyomwita mtu asiye karibu ilikuwa yake.

Tulipofika hapa katika kumsimulia, kijana wetu alinyamaza muda mrefu. Alidhani tunamletea hadithi ya mtu aliyewaamini wenzake akalipwa ushindi.

Sisi tulitaka kujua Mathewson alifanya nini mwaka uliofuata, kwa maana mtu hupimwa hapo. Alikuwa na miaka 32. Angeweza kusema kwamba tangu leo sitamwachia mtu mpira, na watu wangemwelewa. Mwaka 1913 alirusha zamu 306, akawakosesha mara tatu wapigaji 93 tu, karibu theluthi ya wale wa mwaka 1903. Vituo vya bure alitoa 21 katika mwaka mzima. Kuna wakati alirusha zamu 68 mfululizo bila kutoa hata kimoja. Akashinda michezo 25. Yaani baada ya kuangushiwa mpira mbele ya nchi nzima, aliwaachia wenzake mpira zaidi kuliko alivyopata kuwaachia.

Tumezungumza na kijana pia juu ya mambo yanayopinga fikira hii, kwa kuwa si vema kumfundisha mtoto upande mmoja. Mpira wa zamani ulikuwa mzito kuruka, na mapigo ya kuvuka uzio yalikuwa haba, kwa hiyo kumwachia mtu apige hakukuwa na hatari kama ilivyo leo. Ndiyo maana warushaji wa kulipwa wa siku hizi Marekani wanatafuta sana kuwakosesha watu. Tena viwanja vya shule zetu vina mabonde na mawe, mpira unadunda ovyo, na walinzi wengine wana mwaka mmoja tu tangu waujue mchezo. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba wapigaji wa shule hawana nguvu za wale wakubwa, na kwamba mrushaji kijana anayetaka kumkosesha kila mtu huishia kutoa vituo vya bure, ambavyo hakuna mlinzi awezaye kuvidaka. Na mlinzi asiyepata mpira hajifunzi kudaka. Darasani ndivyo ilivyo: mwalimu anayejibu maswali yake mwenyewe humaliza mtaala mapema, na watoto wanafeli.

Liko pia jambo la mkono wenyewe. Mkono wa kijana haujakomaa, na mishipa ya kiwiko na bega ikiharibika mapema hairudi. Wajapani, ambao mashindano yao ya sekondari yanapendwa na taifa zima, waliona warushaji wao wakiumia, na tangu mwaka 2020 waliweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki moja kwa mrushaji wa shule katika mashindano. Marekani tangu mwaka 2017 sekondari zilitakiwa kuwa na kikomo kinachohesabiwa kwa mipira. Mrushaji mwenye kikomo akimtumia kila mtu mipira sita, atatolewa uwanjani kabla mchezo haujaisha.

Turudi kwa Mathewson, kwa maana miaka iliyobaki haikuwa mingi. Baada ya mwaka 1914 mkono ulichoka. Julai 1916 alihamishiwa Cincinnati kuwa kocha. Mwezi uliofuata majeshi ya Waingereza yaliingia hapa Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka Uluguru, babu zetu wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Tunalitaja kwa sababu vita hiyo hiyo ilimfikia na yeye.

Kabla ya hapo kuna habari ya Jumapili ambayo wasomaji wa gazeti hili watataka kuijua. Mathewson alimwahidi mama yake kwamba hatacheza Jumapili, na kwa ahadi hiyo alisifiwa sana na makanisa. Ni haki kusema kwamba New York ya siku zile sheria yenyewe ilikataza michezo ya kulipwa siku hiyo, kwa hiyo ahadi haikuwa ngumu sana kuitunza. Na Agosti 1917, alipokuwa kocha, timu yake ilicheza New York siku ya Jumapili katika mchezo wa kuchangia askari, naye pamoja na rafiki yake McGraw wakakamatwa kwa kuvunja sheria hiyo. Hakimu aliwaachilia. Sisi hatumhukumu, lakini hatuoni sababu ya kuficha.

Mwaka 1918 alimsimamisha mchezaji wake mmoja, Hal Chase, kwa kuwa aliona anacheza kwa kuzembea makusudi, na watu walijua nyuma yake kulikuwa na fedha za kamari. Mwaka uliofuata wachezaji wa Chicago waliposhindwa kwa hila katika fainali, Mathewson alikaa na mwandishi wa habari akimwonyesha michezo iliyomtia shaka. Mtu aliyewatetea waliokosea kwa bahati mbaya hakuwatetea waliokosea kwa kununuliwa.

Baada ya kumsimamisha Chase alijiunga na jeshi, akapelekwa Ufaransa akiwa kapteni katika kikosi cha kufundisha askari kujikinga na gesi ya sumu. Inasimuliwa kwamba katika mazoezi aliivuta gesi hiyo. Aliporudi alikuwa anakohoa, na baada ya muda madaktari wakaona ni kifua kikuu. Ndugu yake Henry alikwisha kufa kwa ugonjwa huo mwaka 1917, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba gesi pekee ndiyo iliyomuua. Siku zile hapakuwa na dawa kama hizi zinazotolewa katika zahanati zetu, ambazo mgonjwa hunywa kwa miezi 6 akapona. Tiba ilikuwa kulala na hewa baridi. Alipelekwa Saranac Lake, katika milima ya jimbo la New York, na huko akakaa kitandani miezi mingi, akikatazwa hata kunyanyua mikono. Bibi Jane alimwuguza.

Alipopata nafuu, mwaka 1923, alikubali kuwa rais wa timu ya Boston Braves, ingawa afya yake haikuruhusu. Ugonjwa ukarudi. Alifariki dunia Saranac Lake tarehe 7 Oktoba 1925, siku ile ile mashindano ya fainali ya mwaka huo yalipoanza, akiwa na miaka 45. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili waliingia uwanjani wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, mji wa chuo chake, ambako ndiko alikomwoa mkewe. Alikuwa ameshinda michezo 373. Mwaka 1936 walipochaguliwa watu watano wa kwanza wa kuheshimiwa katika Jumba la Kumbukumbu la besiboli, yeye alikuwa mmoja wao, na katika watano hao ni yeye peke yake aliyekuwa marehemu.

Fred Snodgrass aliishi muda mrefu. Alifanya biashara na kilimo huko California, akawa hata meya wa mji wa Oxnard. Alipofariki mwaka 1974, akiwa na miaka 86, magazeti yalitangaza kifo chake kwa kuukumbusha ule mpira aliouangusha miaka 62 nyuma.

Kijana wetu amekwisha kurudi shuleni. Kabla ya kuondoka alikuja kutuaga, akaomba tumwandikie tarakimu za mwaka 1903 na za mwaka 1913, zikae pamoja katika ukurasa mmoja wa daftari lake. Tukamwandikia. Halafu akauliza kama yule Snodgrass alipangwa tena uwanjani mwaka uliofuata. Tukamjibu kwamba alipangwa, mahali pale pale katikati, nyuma ya Mathewson.